Ukiomba "habari zote" kuhusu sheria ya uavyaji mimba, utarudi mikono mitupu

Msomaji wetu mmoja Mkenya anauliza kwa nini ofisi aliyoiandikia haijamjibu miezi na miezi. Barua yake iliomba "habari zote kuhusu marekebisho ya sheria ya uavyaji mimba". Barua ya namna hiyo haijibiki. Afisa hana faili lenye jina hilo, wala hakuna wa kumlazimisha akutungie moja. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya habari ambazo ofisi inazo tayari, kwa hiyo taja hati.

Na hati zinatajika. Katiba ya 2010, kifungu cha 26(4), iliruhusu uavyaji mimba pale mtaalamu wa afya anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Septemba 2012 Wizara ya Afya ikatoa mwongozo wa viwango kwa wahudumu. Tarehe 3 Desemba 2013 Mkurugenzi wa Huduma za Matibabu akauondoa kwa barua, na tarehe 24 Februari 2014 ukafuata waraka wa kuwazuia wahudumu wasihudhurie mafunzo ya utoaji mimba salama. Sasa linganisha barua ya msomaji wetu na hii: "Naomba nakala ya barua ya tarehe 3 Desemba 2013, pamoja na kumbukumbu za vikao na barua za ndani kuhusu kuondolewa kwa mwongozo huo, kati ya tarehe 1 Septemba 2012 na 24 Februari 2014." Hapo afisa wa masjala anajua avute jalada lipi.

Unaweza kuandika kwa Kiswahili, sheria inaruhusu. Ila jina la hati liandike kama lilivyo kwenye jalada, na majalada mengi ni ya Kiingereza. Sababu ya kuomba usiitaje. Huwajibiki kuitoa, na kwa mada hii ukijieleza sana unamwalika afisa akuhubirie dini. Andika kwamba wewe ni raia, maana haki hii ni ya raia. Kuomba ni bure. Utalipia gharama halisi ya kutoa nakala tu. Peleka barua nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo. Bila mhuri huo huna pa kuanzia kuhesabu.

Kuhesabu ndiko kunakowaangusha wengi. Ofisi ina siku 21. Inaweza kujiongezea 14, mara moja tu, kama hati ni nyingi au inabidi iulize kwingine. Kama habari ziko ofisi nyingine, ina siku 5 za kulihamisha ombi lako huko, na zile 21 zinaendelea kuhesabiwa tangu ulipoomba mwanzo. Muda ukiisha kimya, sheria inauchukulia ukimya huo kuwa ombi lako limekataliwa. Kuanzia hapo una siku 30 za kwenda Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanayoiita Ombudsman. Watu huzimaliza siku hizo wakipiga simu za "nimefuatilia", wanaambiwa waje wiki ijayo, nao wanakwenda! Tume inaweza kuwaongezea muda, lakini kwa nini uombe fadhila wakati ulikuwa na haki? Uamuzi wa Tume nao unakatiwa rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 21.

Kuna vitu utanyimwa kihalali. Rekodi za wagonjwa, hata usizitaje. Omba jumla za takwimu. Mijadala ya Baraza la Mawaziri sheria imeiweka kwenye fungu la usalama wa taifa. Rekodi zilizozidi miaka 30 huchukuliwa kuwa wazi mpaka ofisi ithibitishe vinginevyo, jambo linalomfaa anayefuatilia vifungu vya 158 hadi 160 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyofanya uavyaji mimba kuwa kosa, ambavyo ni vya enzi za ukoloni.

Kabla ya yote, chota kilicho wazi. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, na miswada, ukiwemo ule wa Afya ya Uzazi wa 2019 katika Seneti, havihitaji barua. Hukumu ya Juni 2019 ya Mahakama Kuu katika kesi ya ombi nambari 266 la 2015, iliyosema kuondolewa kwa mwongozo kulikiuka Katiba, iko bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Ukitaka zaidi, omba kukagua faili lenyewe katika masjala ya mahakama, Milimani. Wengi husoma hukumu wakaishia hapo, kumbe utamu uko kwenye viambatisho vya hati za kiapo, ambako barua za serikali huwekwa mbele ya majaji zikiwa nzima.

Ukiambiwa faili halionekani, usiondoke na jibu la mdomo. Taka liandikwe na kutiwa sahihi, likieleza faili lilitafutwa wapi na nani alilichukua mara ya mwisho. Kuharibu rekodi kwa nia ya kuzuia isitolewe ni kosa la jinai chini ya sheria hiyohiyo, na afisa akishaombwa sahihi, mara nyingi hukumbuka kabati ambalo hajalifungua.