Mgeni wako akija Uingereza, mtoe mjini umpeleke Castleton

Mama alipokuja Sheffield kutoka Tanga, wiki mbili za kwanza tulimzungusha madukani. Akachoka. Jioni moja akaniuliza, "Mwanangu, hivi hawa Waingereza hawana mashamba? Haya maziwa ya chai yanatoka wapi?" Niliona aibu. Kijiji cha Castleton, ndani ya milima ya Peak District, ni mwendo wa saa moja na ushei kwa basi kutoka kwetu, na miaka sita nilikuwa sijakanyaga.

Tangu hapo kila mgeni anayefikia kwangu nampeleka, na makosa yote nimeshayafanya mimi, wewe huna haja ya kuyarudia.

Kosa kubwa kuliko yote ni tamaa. Safari ya kwanza niliandika mambo matano: mlima, pango, ngome ya Peveril, jumba la Chatsworth, halafu mji wa Bakewell kula ile padini yao. Saa kumi jioni tulikuwa tumeona vizuri maegesho ya magari tu. Chatsworth peke yake inakula siku nzima na pesa nzima. Siku hizi nina kanuni: kitu kimoja cha juu, kimoja cha chini ya ardhi, kisha chai na skonzi. Ngome waachie watoto wenye magoti mazima. Mnara wake wa enzi za mfalme Henry wa Pili unaonekana hata ukiwa umekaa chini kijijini.

Cha juu ni Mam Tor. Una mita 517, na mtu wa Lushoto atacheka akisikia unaitwa mlima. Lakini asubiri upepo. Njia kutoka maegesho ya karibu na kilele imetandazwa mawe, na mama yangu wa miaka sitini na kitu alifika juu kwa kupumzika mara mbili. Mtandio wake haukufika. Uliruka ukaenda zake, kwa hiyo beba pini. Jina lenyewe maana yake ni mlima mama, kwa sababu ubavu wake mmoja hauishi kuporomoka na kuzaa vilima vidogo miguuni pake. Mama alilipenda jina hilo kuliko mandhari.

Barabara kuu iliyokuwa ikipita chini ya ubavu huo ilifungwa mwaka 1979 baada ya watu kuchoka kuitengeneza. Ipo bado, na hailipiwi kiingilio. Lami imekatika vipande, kipande hiki juu, kile chini kimo cha mtu, na mstari mweupe wa katikati unafika ukingoni unakatika. Wanangu walicheza pale kuliko sehemu yoyote tuliyolipia.

Kutoka kileleni unaona bonde la Edale upande mmoja na Castleton upande wa pili, na mbele kidogo linasimama bomba la moshi la kiwanda cha saruji cha Hope. Watu wengi hulilalamikia. Mama alifurahi: "Kumbe nao wana Pongwe yao!" Pongwe ndiko kwenye kiwanda cha saruji cha kwetu Tanga. Mwandae mgeni wako kwa hilo, maana ukimwambia unampeleka hifadhi ya taifa, Mtanzania atatafuta tembo. Hii ni hifadhi ya kwanza kutangazwa Uingereza, mwaka 1951, lakini ndani yake kuna vijiji, mashamba, baa na hicho kiwanda. Wanyama ni kondoo.

Cha chini ya ardhi, mapango yako manne. Kama mgeni anapenda vito, nenda Treak Cliff au Blue John, yanakotoka yale mawe ya mistari ya zambarau na njano yanayochimbwa eneo hili tu. Pete zake ni ghali, mimi niliangalia nikarudisha. Ninalolipenda ni Peak Cavern, lililo nyuma ya nyumba za kijiji, mdomo wake mkubwa kama uwanja. Jina lake la zamani linataja makalio ya shetani. Mimi nilimtafsiria Mama kwa adabu kwamba ni "Pango la Kilele", mwanangu wa miaka tisa akanisahihisha mbele ya watu.

Kwa mamia ya miaka mafundi wa kamba waliishi na kufanya kazi mdomoni mwa pango hilo, kwa sababu unyevu wake ulifaa nyuzi. Mitambo yao ya mbao bado ipo, na mwongozaji huwaita watoto washike ncha na kusokota. Siku ile alipoanza kueleza jinsi nyuzi tatu zinavyopindwa, Mama akanyoosha mkono. Mtu wa Tanga hafundishwi kamba! Akataka nimwambie yule kijana kwamba baba yake alikata mkonge miaka ishirini, na kwamba nyuzi zile amezibana mno. Kijana akampisha. Mama akasokota, watalii wakapiga makofi, na hadi leo mapango yetu ya Amboni kule Tanga kwake ni ya pili kwa ubora.

Ratiba nayo ina siri yake: mlima kwanza, pango baadaye. Mvua huku haipigi hodi, na ikishuka mchana utakuwa chini ya mwamba, ambako baridi ni ileile kiangazi na kipupwe. Koti la mvua lichukuliwe hata kama mbingu ni bluu, na viatu viwe vyenye meno.

Kama una gari na siku ya pili, nenda Eyam, si zaidi ya nusu saa kutoka hapo. Usiwapeleke watoto wadogo, watachoka. Mwaka 1665 fundi cherehani wa pale alipokea kitambaa kutoka London chenye viroboto wa tauni. Majira ya joto yaliyofuata, padri William Mompesson aliwashawishi wanakijiji wasikimbie, wajifungie ili maradhi yasifike vijiji vingine. Chakula waliletewa mpakani, na sarafu za malipo walizitumbukiza kwenye siki ndani ya vishimo vya jiwe. Jiwe lile lipo, unaingiza kidole. Walikufa watu wapatao 260, mke wa padri akiwamo. Nje kidogo ya kijiji, shambani, kuna makaburi ya familia moja: mama aitwaye Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita kwa siku nane, kwa mikono yake, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumkaribia. Mama alinitaka nimsomee kila jina. Kisha akauliza, "Na yeye?" Nikamwambia alinusurika. Hakusema kitu hadi tulipofika kwenye gari.

Kuhusu kupita kwenye mashamba ya watu, msiogope. Kibao chenye mshale wa njano maana yake njia ni ya umma, hata ikikatiza katikati ya ng'ombe wa mtu. Mimi miezi ya mwanzo nilikuwa nageuka nyuma kila nikiona geti. Nyika za juu ndizo zilizoleta ugomvi: tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana walipanda mlima Kinder, ng'ambo ya Edale, uliokuwa umefungwa na matajiri kwa ajili ya kuwinda ndege. Watano walifungwa jela. Leo unapanda bila kumuuliza mtu. Wewe funga geti ulilolikuta limefungwa, basi.

Chakula cha halali kijijini usikitegemee. Sisi hubeba chapati na kuku wa kukaanga kutoka nyumbani, tunakula kwenye benchi, halafu tunaingia mgahawani kwa chai. Sikukuu zao na likizo za shule zikwepe, isipokuwa tarehe 29 Mei, ambapo mtu hupita kijijini juu ya farasi akiwa amefunikwa hadi kiunoni na tenga la maua. Siku hiyo vumilia msongamano.

Na ratiba ya basi isome mwenyewe, hasa Jumapili. Nilimwamini dereva wa teksi aliyeahidi kutufuata, hakutokea, simu haikuwa na mtandao, na basi la mwisho likawa limeondoka. Tukaenda kwa miguu hadi stesheni ya treni ya Hope, zaidi ya kilomita tatu, kwa njia ya shambani inayofuata kijito. Mimi nilikuwa nanuna. Mama alikuwa mbele na fimbo aliyoiokota, akiwahesabu kondoo wenye alama ya rangi ya bluu mgongoni, na kila tukivuka ukuta anataka nimwambie hawa wapya, wenye nyekundu, ni wa nani.