Mbuzi wanakonda na kuvimba chini ya taya licha ya dawa ya minyoo kila mwezi

Ndugu yangu, uvimbe chini ya taya, unyonge na kukonda ni dalili za kupungukiwa damu. Namshuku kwanza mnyoo aitwaye Haemonchus, anayenyonya damu ndani ya tumbo la nne. Fungua kope ya chini uangalie: nyekundu ni salama, nyeupe kama karatasi ni hatari. Watafiti wa Afrika Kusini waligeuza jambo hilo kuwa kadi ya rangi tano, FAMACHA, na wanaotibiwa ni wale waliopauka tu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ratiba yako. Ukiwanywesha wote kila mwezi dawa ileile, minyoo wanaobaki hai ni wale sugu, na ndio wanaozaana. Jingine: mbuzi huiondoa dawa mwilini upesi kuliko kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo mara nyingi hakimtoshi. Mpime uzito, usikisie, kisha muulize daktari wa mifugo kipimo sahihi na aina tofauti ya dawa. Apime na kinyesi kuhakikisha ni minyoo, maana magonjwa yaletwayo na ndorobo na kupe pia hupunguza damu.

Chakula nacho ni nusu ya tiba. Mbuzi anayepata protini ya kutosha huhimili minyoo vizuri zaidi. Mpe mashudu ya alizeti kidogo, au majani ya lukina yasiyozidi theluthi ya mlo (yana sumu yakizidi). Usiwapeleke malishoni kabla umande haujakauka, na waache wale vichakani badala ya nyasi fupi. Huyo aliyevimba ashughulikiwe leo.