Upasuaji wa Uvimbe wa Mfupa wa Uso kwa Mbwa: Kwa Madaktari Wapya wa Wanyama

Kwenu vijana mnaotoka Makerere na kuanza kazi ya tiba ya wanyama, nawaandikia kwa sababu ya mbwa mmoja wa ulinzi, wa familia moja ya Entebbe, aliyeletwa kwangu akiwa na kinyama kilichoota ufizini karibu na chonge. Maabara ilijibu kwamba ni ameloblastoma, uvimbe ambao hausambai kwenda mapafuni. Jibu hilo lilinituliza kupita kiasi. Nilikikata kinyama usawa wa ufizi, mfupa nikauacha. Miezi michache baadaye kilirudi kikiwa kikubwa zaidi, na meno mawili ya jirani yalikuwa yamelegea.

Uvimbe huo hausambai, lakini hula mfupa, kwa hiyo huondolewa pamoja na kipande cha taya, kisu kikipita takriban sentimita 1 nje ya mpaka wake. Osteoma haihitaji ukali huo: ni mfupa mgumu unaokua polepole, wenye mipaka iliyo wazi, na mara nyingi kuuondoa wenyewe kunatosha.

Sampuli ichukuliwe kwa kina na kupitia ndani ya mdomo, wala si kwenye ngozi ya uso, kwa kuwa njia mliyopita itabidi nayo iondolewe siku ya upasuaji. Jibu likifika, lilinganisheni na mnyama mwenyewe. Ipo fibrosarkoma ya taya, aina ya saratani, inayojulikana hasa kwa mbwa wa golden retriever, ambayo seli zake huonekana tulivu chini ya hadubini ilhali inabomoa mfupa kwa kasi. Uvimbe ulio chini ya jicho huenda ukawa usaha wa mzizi wa gego la juu tu. Na kwa mbwa wanaozurura mitaani, uvimbe wa puani unaweza kuwa ule wa kuambukizana kwa kujamiiana, ambao hutibiwa kwa vinkristini, dawa ya saratani, bila kisu.

Kinachonitia hofu hadi leo ni damu. Taya la juu lina mishipa mikubwa ndani ya mfupa, na ikikatika hujivuta ndani, ikawa vigumu kuifunga. Mbwa wa kilo 25 ana damu ya lita 2 hivi, basi pimeni shashi zilizolowa kwenye mizani, mkihesabu kila gramu iliyoongezeka kuwa mililita 1 ya damu. Mbwa wa kutoa damu atafutwe mapema, akiwa amepimwa babesia na erlikia, kwa kuwa kupe wetu hueneza magonjwa hayo, na damu yake ijaribiwe kwanza na ya mgonjwa.

Jeraha lifungwe kwa tabaka mbili, utando wa shavu ukifika bila kuvutwa. Ukivutwa, nyuzi huachia na tundu kati ya mdomo na pua hubaki wazi. Mwenye mbwa aelezwe kabla ya upasuaji jinsi uso utakavyobadilika, kisha ampe chakula laini kwa wiki kadhaa, amvalishe kola ya kuzuia kujikuna, na amnyime mifupa kabisa.