Datastoo imejaa: kabla hujafuta faili, hakikisha halina mwenyewe

Wadogo zetu mnaoanza kazi kwenye vyumba vya seva hapa Tanga, siku mtakapoambiwa datastoo, yaani ghala la mafaili ya mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya seva), imejaa na mtafute mafaili yasiyotumika, msikimbilie kufuta. Disiki ya seva si kitu cha kununua Ngamiani jioni ile ile. Mara nyingi huagizwa Dar, na kabla ya hapo kuna barua na kibali cha manunuzi. Kwa hiyo nafasi iliyokaliwa bure ni mali, na kuitafuta ni kazi ya maana. Lakini disiki ya mashine pepe ikishafutwa kwenye VMFS (mfumo wa mafaili wa VMware), hakuna pipa la kuiokotea.

Tunazungumzia VMware, programu ya kuendesha mashine pepe: hosti za ESXi (seva zinazobeba mashine hizo) chini ya vCenter (programu ya kuzisimamia hosti zote), datastoo za VMFS au NFS (mafaili yanayofikiwa kupitia mtandao). vSAN, storeji inayounganishwa kutoka disiki za hosti zenyewe, ina utaratibu wake, msiifanyie haya.

Mafaili mengi yasiyo na mwenyewe huachwa na mtu aliyebofya Remove from Inventory akidhani amefuta mashine. Kumbe ameiondoa kwenye orodha tu, folda yote imebaki. Mwingine huondoa disiki kwenye mipangilio ya mashine bila kuweka tiki ya kufuta faili lake. Mengine ni mabaki ya uhamishaji wa Storage vMotion (kuhamisha disiki za mashine kutoka datastoo moja kwenda nyingine) uliokatika njiani, au snapshoti (kumbukumbu ya hali ya mashine kwa wakati fulani) zilizosahauliwa na programu ya bakapu.

Anzeni na RVTools, programu ya kuorodhesha yaliyomo kwenye vCenter, kichupo cha vHealth. Hapo mtaona mafaili yaliyoandikwa zombie. Hao ni washukiwa, hawajahukumiwa. RVTools inaijua vCenter mliyoiunganisha tu. Kama LUN (kipande cha storeji kinachobeba datastoo) hiyo hiyo inasomwa na vCenter nyingine, au na hosti iliyo peke yake, mashine za huko zitatokea kwenye orodha hali zinahudumia watu. Mwombeni anayesimamia storeji awape orodha ya hosti zote zilizoruhusiwa kuiona LUN hiyo, mlinganishe.

Ushahidi dhaifu kuliko wote ni tarehe ya faili, na hapa ndipo wageni wengi huumia. Chukulieni mashine iitwayo mapato. `mapato.vmdk` ni faili dogo la maandishi. Data yenyewe imo kwenye `mapato-flat.vmdk`. Mtu akichukua snapshoti, maandishi mapya yote huenda `mapato-000001-sesparse.vmdk` (kwenye VMFS5 mara nyingi mtaona `-delta`), na flat haiandikwi tena. Tarehe yake inaganda pale pale. Baada ya miezi 8 ukiitazama utasema imekufa, kumbe mashine inaisoma kila dakika. Snapshoti imebeba mabadiliko tu. Ukiifuta flat, kilichobaki hakitoshi kuwasha chochote.

Dawa ni kusoma nani anamtaja nani. Ingieni kwenye hosti kwa SSH (njia ya kuandika amri kwa mbali), mpige:

`find /vmfs/volumes/ -name '*-0000??.vmdk' -exec grep -H parentFileNameHint {} \;`

Kila mstari utaonyesha snapshoti na mzazi wake. Mzazi anaweza kuwa kwenye folda nyingine kabisa, hasa kwa mashine zilizonakiliwa kwa kushirikiana disiki moja. Muundo huo wa jina umewekwa makusudi: unakamata mafaili madogo ya maelezo peke yake. Ukiipiga grep kwa `*.vmdk` zote, itaanza kusoma flat zenye mamia ya gigabaiti na storeji itawazomea. Halafu kagueni mstari wa fileName ndani ya kila `.vmx`, faili la mipangilio ya mashine, na `.vmtx` kwa templeti (mashine ya kunakilia nyingine). Msitegemee jina la folda, kwa sababu mashine ikibadilishwa jina folda hubaki na la zamani.

Kwenye VMFS, `vmfsfilelockinfo -p` ikifuatiwa na njia ya faili huonyesha hosti iliyolishika. Likishikwa, liacheni. Lisiposhikwa, bado hamjathibitisha kitu: mashine iliyozimwa haishiki faili.

Vingine msiviguse: majina yanayoanza na nukta kama `.vSphere-HA`, folda za `contentlib-`, na folda ya `fcd`, ambayo disiki zake zinaweza kutumiwa na Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu ndani ya kontena) bila kuonekana chini ya mashine yoyote. Faili la `.vswp` (la kuhamishia memori kwenye disiki) la mashine inayowaka nalo si uchafu. Ukubwa wake ni memori ya mashine ukitoa iliyotengwa.

Baada ya hapo nendeni mkaulize watu, hasa wahasibu. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30, na kuna mashine za ripoti ambazo huwashwa msimu huo tu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 nayo inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Jibu la mwenye idara mlipate kwa maandishi.

Lisilodaiwa na yeyote lihamishieni folda ya karantini ndani ya datastoo ile ile. Folda nzima inahama kwa `mv` mara moja; disiki moja ihamishwe kwa `vmkfstools -E`, ili faili la maelezo na flat viende pamoja. Nafasi haitapungua wala kuongezeka, na bosi aambiwe hivyo mapema. Siku 30 ni kima cha chini, na lazima ndani yake kuwe na mwisho wa mwezi.

Kwenye ripoti andikeni kipimo cha `du -h`, si cha `ls -lh`. Disiki nyembamba (thin, inayochukua nafasi kadiri data inavyoingia) yaweza kuonyesha GB 200 kwa ls wakati imekula GB 18 tu, na bosi atakuja kuwadai hizo 200.

Siku ya kufuta, tumieni `vmkfstools -U` kwa faili la maelezo. Flat itaondoka nalo. VMFS6 huirudishia storeji nafasi yenyewe, taratibu, kama storeji inakubali UNMAP (amri ya kuiarifu kuwa nafasi imeachwa), kwa hiyo msishangae kioo chake kikionyesha bado imejaa. Kwa VMFS5 pigeni `esxcli storage vmfs unmap -l` na jina la datastoo, usiku, watumiaji wakiwa wameondoka.