Gécamines haikuwa ujamaa

Hapana, kaka. Unasema Gécamines, kampuni ya serikali ya Kongo ya kuchimba shaba, iliuawa na "mali ya wote", kwamba ubepari ungeiokoa. Lakini ule unga wa kila mwezi, hospitali, shule na nyumba za wafanyakazi, vyote unavyoviita ujamaa, vilianzia Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyotafuta faida. Tangu miaka ya 1920 ilishaona kuwa kumtunza mfanyakazi na familia yake ni nafuu kuliko kusaka wengine kila mara. (Na si matunzo matupu: Desemba 1941 wagomaji walipigwa risasi hapahapa Lubumbashi, enzi hizo Elisabethville.)

Rais Mobutu akaitaifisha Union Minière mwaka 1967, ikaja kuwa Gécamines. Sawa, lakini mchimbaji alipata wapi nafasi ya kuuliza pesa za shaba zinakwenda wapi? Mwaka 1973 ndiyo kabisa: maduka ya wageni yakanyang'anywa, yakagawiwa wenye kujuana na wakubwa. Wengi waliuza bidhaa zilizokuwemo, rafu zikabaki tupu. Hiyo nayo ni mali ya wote?

Ukitaka ushirika, pita soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, uwaangalie akina mama wa likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Kila mmoja anatoa, mmoja anabeba zote, kesho zamu ya mwenzake, na atakayekula zamu yake kisha akagoma kutoa, habari zitamfikia hadi mama mkwe. Halafu mama huyohuyo anarudi kwenye meza yake, anakukatalia kupunguza hata franga mia kwenye kopo la unga. Huyo utamweka upande gani?