Barakoa ya galaksi: ifanye pana na laini, na uitazame kabla ya kuitumia

Picha ya galaksi ina sehemu mbili zinazotaka dawa tofauti. Mikono ya galaksi inataka kunolewa (kuongezewa ukali wa mistari) na kukolezwa rangi. Anga lililobaki linataka kupunguziwa chenga tu, yaani vile vidoa vidogo vya fujo. Ukinoa picha nzima kwa mkupuo mmoja, chenga nazo zinanoleka na anga linageuka kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Barakoa, yaani picha ya weusi na weupe inayowekwa juu ya picha yako, ndiyo inayotenga: palipo peupe kazi inapita, palipo peusi haipiti, na kijivu hupitisha kwa kiasi.

Anza na galaksi ya NGC 253, iliyo katika kundinyota la Sculptor. Mwanzoni mwa Oktoba, karibu na saa sita usiku, huwa juu sana kwa aliye Nairobi, nyuzi 66 hivi kutoka upeo wa macho, na mvua za vuli kwa kawaida bado hazijashika.

Kwanza ondoa mwanga wa jiji. Hapo ndipo picha nyingi za Nairobi zinapoharibikia. Ukipiga picha ukiwa mtaa wa Kahawa, au hata ukienda upande wa Magadi, pembe moja ya picha hung'aa kwa taa za mji, na ukiiacha itaingia kwenye barakoa kana kwamba nayo ni galaksi. Siril, programu ya bure ya picha za anga, ina zana ya kusawazisha usuli. Kata kingo za picha hatua hiyo hiyo, kwa sababu barakoa na picha zisipolingana kwa pikseli, kila kitu kinahama.

Sasa vuta mwanga, yaani ng'arisha sehemu zenye giza, mpaka mikono hafifu ionekane. Barakoa iliyotolewa kwenye picha ambayo haijavutwa huwa nyeusi tii, haisaidii. Tengeneza nakala, ondoa nyota zake kwa StarNet, programu ya kufuta nyota, kisha iache nyeusi na nyeupe; hiyo ndiyo itakayokuwa barakoa. Nyota zikibaki, kila moja inakuwa doa jeupe kwenye barakoa, nawe ukinoa unaizungushia pete nyeusi.

Sehemu inayotaka subira ni kuchagua mpaka wa weusi, yaani namba ambayo chini yake kila kitu huwa cheusi tii kwenye barakoa; mpaka wa weupe ni kinyume chake. Pitisha kielekezi juu ya nakala usome namba. Tuseme kwa kipimo cha 0 hadi 255 anga linasoma 28 na ukingo wa nje wa galaksi 38. Weka weusi kwenye 31 na weupe kwenye 120. Utashawishika kupandisha weusi hadi 45 ili barakoa ionekane safi, usifanye hivyo. Utakuwa umekata mikono ya nje, na rangi itakoma ghafla kama kitambaa kilichokatwa kwa makasi. Afadhali barakoa ipite ukingo kidogo.

Kisha itie ukungu wa Gauss, zana ya kulainisha kingo. Kwa galaksi yenye urefu wa pikseli 1500, anza na pikseli 8 hadi 12. Ukiibandika kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, kama barakoa ya tabaka, shika Alt ubofye kijipicha chake: utaiona yenyewe, bila picha. Ukiona mstari mkali popote, ongeza ukungu.

Barakoa hii pana ni ya kukolezea rangi. Igeuze, nyeupe iwe nyeusi, upunguze chenga za angani. Kwa kunoa, tengeneza ya pili iliyo nyembamba zaidi, weusi ukianzia 70 hivi, na kiini ukipake rangi nyeusi kwa brashi laini. Ukingo hafifu hauna data ya kutosha kunolewa, na kiini kilichokwisha kung'aa kitaungua.

Ukimaliza, pandisha mwanga wa picha nzima kwa muda mpaka anga liwe la kijivu. Galaksi ikionekana imevikwa duara jeusi au la rangi, barakoa ilibana mno. Rudi kwenye weusi na ukungu. Kupunguza nguvu ya kunoa pekee kunaficha tu kosa.

Ukihamia galaksi ya NGC 5128 katika kundinyota la Centaurus, kuna mtego mwingine. Ukanda wa vumbi unaoikata katikati ni mweusi, kwa hiyo barakoa inatoboka hapo hapo penye uzuri wote. Uzibe kwa brashi laini ya kijivu hafifu, kiasi cha 180, ndipo unoe.