Kuchaji sigara ya umeme bila waya

Ndugu yangu wa Chake Chake, umeuliza kama sigara yako ya umeme inaweza kuwekwa juu ya kibao kile kile unachochajia simu bila waya. Jibu langu ni hapana, isipokuwa mtengenezaji ameeleza wazi kwamba ndani yake mna koili, yaani waya uliozungushwa duara, ya kupokelea umeme, kwa sababu kibao cha mfumo wa Qi, ule wa kawaida wa kuchajia simu bila waya, hupeleka nguvu kwa njia ya sumaku, na kifaa kisicho na koili hiyo hakitapata chaji hata ukikiacha usiku kucha. Ninachokihofia zaidi ni gamba lake la chuma, ambalo huweza kupata moto likikaa hapo. Vibao vizuri hujizima vinapohisi chuma kigeni, lakini vile vya bei ya chini siviamini hata kidogo. Betri ya lithiamu kwa kawaida haifai kuchajiwa ikishapita nyuzi joto 45, nasi huku joto la Kaskazi tunalijua. Tumia waya uliokuja nacho, ukilaze sakafuni, si juu ya godoro, na ukichomoe kabla ya kulala. Kikivimba, usikichaji tena.